Mashine ya Kupunga Upepo

Jumatano, 2 Januari 1963
Kitabu hiki cha tarehe nimepewa na Bwana Pelham, mwenye nyumba ninayoitunza hapa Likoni, niandike kazi inavyokwenda mpaka atakaporudi kutoka kwao baada ya masika. Nitaandika ya kazi, na ya kwangu pia nitaandika. Nilisoma mpaka darasa la tatu na chuo cha Kurani nikahitimu, kalamu hainishindi.

Kazi yenyewe ni hii. Bwana ana kigari cha kukokotwa nyuma ya motokaa. Kikifungwa ni sanduku la mbao lenye magurudumu mawili. Ukifungua kifuniko, nguzo zinainuka, turubai linasimama juu, vitanda viwili vinavutwa huku na huku, na hapo una nyumba. Mwaka jana Memsahib alizimia kwa joto ndani ya nyumba hiyo ya turubai, huko Voi. Basi Bwana amenunua mashine ya baridi, ile inayokaa dirishani katika mahoteli makubwa, anataka ifungwe kwenye kigari, wakifika penye stima wachomeke waya walale.

Alitaka kuita fundi kutoka mjini. Nikamwambia, "Bwana, fundi wa nini na mimi nipo? Mimi ni seremala, tena nimefanya kazi chumba cha barafu Kilindini. Ndevu ziliganda mpaka mke wangu akazivunja kwa mchi." Akacheka, akanipa funguo za nyumba.

Jumamosi, 5 Januari
Mashine ni nzito kama mtu aliyelala usingizi. Nimeiinua peke yangu. Charo, mkwezi wa minazi jirani yetu, alishika upande mmoja, lakini alishika tu.

Jumapili, 6 Januari
Joto.

Ijumaa, 11 Januari
Baada ya sala nilikwenda Mtongwe kumwona Mwanarehema, mtoto wa marehemu dada yangu. Ana mimba, miezi sita inakwenda. Kaskazi iliyopita, msimu wa joto kama huu, alikuwa na nyingine, ikaharibika. Anakaa kwa mumewe Ishaka, kuli wa bandarini, pamoja na mama wa Ishaka, Bi Mwanatatu.

Nilimkuta ameketi mkekani, miguu ndani ya beseni la maji.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Miguu imefanya nini?"

"Imejaa tu, mjomba. Ni joto."

Bi Mwanatatu akadakia toka jikoni, "Si joto. Joto tunalo sote, mbona mimi miguu yangu haijajaa? Huyu ana pepo. Ndiye aliyemla wa kwanza. Nimekwisha sema na watu wa ngoma, apungwe."

"Mama, mimba ya miezi sita ipigiwe ngoma, arukeruke?"

"Wewe Mwidani unajua nini cha mimba? Umewahi kuzaa?"

Nikamjibu kwamba nilimzalisha mke wa nahodha wa meli ya Kigiriki katikati ya bahari, kwa mkono mmoja, mwingine nimeshika usukani. Akasonya.

Nilirudi nimechukia. Kwetu sisi Wadigo mtoto ni wa mjomba. Baba anamlea, mume anamwoa, lakini likija jambo la kufa na kupona, mjomba ndiye anayeulizwa. Sitaki Mwanarehema apoteze na wa pili. Na mimi nasema ni joto.

Jumatatu, 14 Januari
Leo nimeiwasha. Nilitengeneza meza ya mvule ndani ya kigari, nikaiketisha mashine juu yake, nikafunga turubai pande zote nisipoteze baridi hata tone, nikavuta waya kutoka dirisha la jikoni la Bwana. Ikanguruma kama meli inayotoka Kilindini. Nikaketi kungoja baridi.

Nilitoka nimeiva. Charo akaniuliza, "Vipi?" Nikamwambia mashine mpya lazima ijichemshe kwanza.

Jumatano, 16 Januari
Bado inajichemsha.

Jumamosi, 19 Januari
Mke wangu Mwanakheri aliingia na kanga zake mbichi akazitundika nyuma ya mashine, kwa kuwa nje Charo alikuwa akiangusha nazi. Hakumaliza hata kufagia, zikawa zimekauka. Akanyoosha mkono nyuma, kisha akaunyoosha mbele.

"Mwidani, hii kitu yako ina mbele na nyuma. Mbele inatoa baridi, nyuma inatoa jua. Na wewe umezifungia zote mbili ndani."

Nikamwambia nilikuwa nalijua hilo siku zote, nilitaka kuona kama atatambua.

Alhamisi, 24 Januari
Nimetoboa ubao wa nyuma wa kigari. Turubai haliwezi kubeba uzito ule, kwa hiyo mashine imekaa kwenye ubao wa chini, uso ndani, mgongo nje, juu ya vyuma viwili. Skrubu nimezikaza mpaka kiganja kikachubuka. Hata ije gharika, kigari kitaondoka, mashine itabaki imening'inia hewani pale pale.

Baridi inatoka! Wallahi inatoka. Lakini turubai linaivujisha, na mashine inatiririsha maji kitandani. Nimeinamisha mgongo wake kidogo, maji yakatokea nje. Nimetandika mablanketi ya Bwana kwa ndani ya turubai, na juu nimeezeka makuti. Sasa ni nyumba ya Kizungu yenye kofia ya Kidigo.

Jumapili, 27 Januari
Mwezi umeandama, tumeanza kufunga. Jua limekusudia kutuua. Charo si Mwislamu lakini naye hali mbele yetu, anakula juu ya mnazi.

Ijumaa, 1 Februari
Jambo la leo halijapata kutokea.

Juzi nilikutana na Ishaka anatoka feri. Nikamwambia, "Kamwambie mama yako amruhusu Mwanarehema aje kwangu. Nina mashine. Akae hapa apunge upepo mpaka Kaskazi iishe." Maneno yangu ni hayo. Ishaka alikuwa amefunga, ametoka kubeba magunia, kichwa hakimo. Akafika nyumbani akamwambia mama yake, "Mjomba anasema Mwanarehema akapungwe pepo kwake. Ana mashine."

Leo Bi Mwanatatu kaja mwenyewe, buibui na mwavuli, akasimama mbele ya kigari akakitazama juu mpaka chini.

"Kumbe na wewe ni mganga, Mwidani."

Nikafungua mdomo.

"Nami nilikuwa nimekwama," akaendelea. "Mwezi mtukufu haupigwi ngoma, na mwezi uko mwanzo. Hiyo yako ina ngoma?"

"Haina ngoma, Mama. Inanguruma tu."

"Mngurumo si haramu." Akachungulia ndani, baridi ikampiga usoni, akarudi nyuma akishika kifua. "Salaala! Mna mtu humu!"

Hapo mtu mwingine angesahihisha neno. Nikafikiri: nikisema ni upepo, Mwanarehema atabaki Mtongwe kwenye beseni. Nikisema ni pepo, atakuja. Nilikohoa, kikohozi cha kiganga.

Jumatatu, 4 Februari
Mwanarehema amekuja. Bi Mwanatatu kaja naye, na kanga nyeupe, na chetezo cha ubani. Mashine ikavuta moshi wote ikautema usoni mwetu, tukatoka nje sote tukikohoa, machozi yanatutoka. "Anakataa," Bi Mwanatatu akasema. Nimemkataza ubani ndani, nikamwambia mashine ina masharti yake.

Mwanarehema alipolala, alisema, "Mjomba, naona kama niko pwani alfajiri." Nikatoka nje nikasimama kidogo peke yangu.

Ijumaa, 8 Februari
Watu wanakuja kutazama. Nimewaambia Nairobi hakuna baridi hii. Mmoja aliweka maji ya futari ndani, yakawa hayanyweki, yanauma meno. Mwanarehema analala vizuri. Miguu vilevile.

Jumapili, 10 Februari
Nimeongeza blanketi. Miguu vilevile.

Jumanne, 12 Februari
Bi Mwanatatu analala kitanda cha pili. Anasema anamlinda mkwewe, mimi nasema amenogewa na baridi. Anakoroma kuishinda mashine. Miguu vilevile, na viganja navyo vimejaa.

Jumamosi, 16 Februari
Kichwa kinamuuma. Nilisema baridi bado haitoshi. Nimeziba kila upenyo kwa nta, nimegeuza swichi ya mashine mpaka mwisho. Ndani sasa tunavaa mashuka mawili mawili. Mwanakheri alimtazama Mwanarehema, akanivuta kando. "Mwidani, uso wake." Nikamwambia ni usingizi. Akaenda kupika.

Jumatatu, 18 Februari
Kichwa bado. Sina la kuandika.

Jumatano, 20 Februari
Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Adhuhuri ilikuwa imepita. Nje hakuna hata jani lililotikisika, mchanga unaunguza kupitia kiatu. Ndani ya kigari pumzi ya mtu inaonekana, au karibu ionekane. Nikamwita, "Mwanarehema."

"Abee, mjomba." Sauti ilitoka mbali. "Mjomba, zima taa."

Hapakuwa na taa.

"Naona vimulimuli. Vinapita machoni, havikomi. Na hapa chini ya mbavu panabana."

Uso ulikuwa umejaa, macho yamekuwa mistari miwili. Pete ya ndoa imezama kidoleni. Bi Mwanatatu alikuwa kitanda cha pili na tasbihi yake, macho yanang'aa.

"Amepanda kichwani. Baridi imemchokoza. Mwache, sasa hivi atasema jina lake na anataka nini."

Nikashika mguu wa Mwanarehema. Baridi, kama samaki wa kwenye barafu. Nikaubonyeza kwa kidole gumba, shimo likabaki pale pale, kama umebonyeza unga uliokandwa. Nikabonyeza wangu, ukarudi.

Mwezi mzima nimesema joto, joto, joto. Nimelitangaza Likoni yote. Sasa joto nimelitoa mwenyewe, kwa mikono hii, liko nje nyuma ya mashine linakausha kanga za mke wangu. Ndani hakuna joto hata la kuwashia sigara. Na mtoto anazidi kuumwa. Basi halikuwa joto. Nilisimama pale na baridi yangu niliyoitengeneza, nikaiona haina maana.

"Mama," nikasema, "mashine imefanya kazi yake yote, na haikumsaidia. Huyu anakwenda hospitali."

"Hospitali ya wapi? Ng'ambo? Umvushe maji na pepo yuko kichwani? Atakasirika!"

"Na akasirike."

"Mwidani, huyu ni mke wa mwanangu."

"Na ni mtoto wa dada yangu. Mliposa mke, hamkuposa roho yake. Mimi ndiye mjomba, mimi ndiye nasema."

"Na pepo je?"

"Kama ni pepo, daktari atampunga."

Ishaka alikuwa amesimama mlangoni, ametoka zamu, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Kijana yule sikuwa nikimhesabu kitu, nilikuwa nikimwona ni wa kubeba magunia na kubeba maneno vibaya. Akasema, "Mama, mjomba amesema." Akatoka mbio kutafuta gari.

Akarudi anahema. Upande wetu hakuna teksi hata moja, na motokaa ya Bwana imefungiwa, funguo zake kaondoka nazo.

Nikakitazama kigari. Magurudumu kinayo, kitanda kinacho, mgonjwa yumo tayari. Kutoka pale mpaka feri ni barabara, kisha mteremko. Kilichozuia ni mashine. Ilivyokaa nyuma, ukiinua mkono wa mbele, kigari kinakaa matako chini. Na skrubu nilizikaza mwenyewe, kuzifungua ni kazi ya mchana kutwa.

Nikaenda kuchukua nyundo.

Charo alikuwa juu ya mnazi, akaona, akashuka upesi kuliko nazi. "Mwidani! Bwana akirudi atasema nini?"

"Atasema Kizungu. Sitaelewa."

Nilipiga. Wallahi nimepiga vitu vingi maishani lakini sijapata kupiga kitu nilichokipenda vile. Ubao wa mvule ukapasuka, vyuma vikapinda, mashine ikaanguka mchangani na kutoa pumzi ndefu, fyuuu, ikanyamaza. Ukimya ulinishtua kuliko kishindo.

Mimi na Ishaka tukashika mkono wa mbele. Mwanakheri akaingia ndani kukishika kichwa cha Mwanarehema. Charo akafunga kamba yake ya kukwelea nyuma, ya kuzuia kwenye mteremko. Turubai bado limesimama, makuti juu, tukatoka barabarani kama harusi ya wendawazimu. Watu wakasimama. Hakuna aliyecheka.

Kwenye mteremko wa feri kigari kikaanza kutusukuma. Miguu ikateleza, nikamsikia Charo nyuma anapiga kelele, "Siwezi! Siwezi peke yangu!" Nikajua tunaingia baharini sote. Halafu kikatulia. Nikageuka. Bi Mwanatatu alikuwa amefunga buibui kiunoni, ameshika kamba kwa mikono miwili, visigino vimechimba lami, kichwa wazi mbele ya wanaume wa Likoni wote.

"Msikimbie!" akatupigia kelele. "Polepole, mnanitikisia mjukuu!"

Mlinzi wa lango la feri akainua mkono. "Hiki ni gari au mkokoteni?"

"Ni hospitali," Ishaka akasema, na hakusimama. Sikujua ana sauti ile.

Ng'ambo tukapata teksi, kigari tukamwachia Charo. Hospitali alitupokea nesi mmoja wa Kirabai, Pascalia, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Alimfunga Mwanarehema ule mfuko wa kupima damu mkononi, akaujaza, akasikiliza, akaujaza tena. Kisha akaita daktari kwa sauti ambayo sikuipenda.

"Nani aliamua aletwe leo?" akaniuliza.

"Mimi, mjomba wake. Nilidhani ni joto, nikamtia kwenye baridi. Baridi ikaja, ugonjwa haukwenda."

"Presha yake iko juu mno. Ndiyo inayovimbisha na kumpa hivyo vimulimuli. Mtoto atatolewa sasa hivi, asubuhi haifai kungojwa. Mnakubali?"

Ishaka akanitazama. Bi Mwanatatu naye akanitazama. Nikasema tunakubali.

Alhamisi, 21 Februari
Mtoto wa kike. Yu hai. Mama yake hajafumbua macho.

Ijumaa, 22 Februari
Hajafumbua.

Jumamosi, 23 Februari
Amefumbua. Aliuliza, "Mjomba, ni wapi hapa, mbona joto?" Nikalia mbele ya watu. Nikawaambia ni ubani wa juzi.

Jumanne, 26 Februari
Idi jana ilitukuta kwenye benchi la hospitali. Mtoto yumo ndani ya sanduku la kioo lenye joto, nesi Pascalia anasema hana nyama ya kujipasha mwenyewe. Mimi niliyehangaika na baridi msimu mzima, sasa nachungulia kipimo cha lile sanduku nikiomba joto lisishuke. Bi Mwanatatu alileta kaimati kwenye kikapu, tukala naye.

Kisha akasema, "Ile mashine yako ilikuwa ya upepo tu, siyo?"

"Ya upepo tu, Mama."

"Nilijua siku ya pili." Akanisogezea kaimati nyingine. "Lakini nilikuwa nalala vizuri."

Jumamosi, 9 Machi
Nimeomba fundi wa mjini aitazame mashine. Gesi imetoka yote na mapezi yake ya bati yamepondeka. Haitafufuka. Nimeziba tundu la ubao kwa mvule mpya, nikapiga randa na rangi. Bwana akirudi nitamweleza yote mwenyewe, kabla hajaniuliza. Akinifukuza, nimefukuzwa.

Alhamisi, 21 Machi
Mtoto ametolewa kwenye sanduku. Ananyonya. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa ufuo wa Shelly.

Jumamosi, 30 Machi
Wameruhusiwa. Mvua ya kwanza ilitukuta kwenye feri, tukasogea chini ya paa na abiria wengine, mtoto amefungwa mashuka mpaka pua. Mwanarehema amekonda, miguu imerudi miguu, amevaa viatu vyake mwenyewe. Ishaka alikuwa amemfunika kwa koti lake, yeye analowa.

Mchuuzi mmoja wa samaki akachungulia lile furushi. "Mashallah. Mbona kadogo hivi?"

Watu husifia watoto wakubwa. Mimi nikaona wajinga hawa hawajui walichokiona. Nikamwambia, "Huyu? Huyu sasa ni jitu! Ungemwona siku aliyozaliwa. Wallahi, hii pete yangu ya fedha ilikuwa inapita mkononi mwake mpaka begani kama bangili. Likoni nzima, Kisauni, Changamwe, hajazaliwa mtoto mdogo kama huyu akaishi."

"Mwidani," mchuuzi akasema, "mvua inanyesha na wewe unasema uwongo?"

Bi Mwanatatu akamgeukia, mwavuli mkononi, maji yanamchuruzika kwenye buibui.

"Uwongo upi?" akasema. "Begani kitu gani? Ile pete ilimpita kiunoni. Mimi ndiye niliyemvika."